Kutafuta Kazi za Matangazo Ukiwa Kisumu

Tangazo la unga wa ugali halihitaji msichana mwenye urefu wa mita 1.75. Linahitaji mama ambaye mtazamaji wa Ahero au Kakamega ataamini kwamba ameushika mwiko maisha yake yote, na pengine baba, watoto wawili na nyanya mwenye kicheko cha kuambukiza. Vijana wengi wa hapa Kisumu wanaotamani uanamitindo hujipima kwa kipimo cha jukwaa la mavazi, wakajiona wafupi au wanene, wakakata tamaa, ilhali matangazo ya benki, sabuni, bima na simu hutafuta sura za watu wa kawaida.

Kazi hizo hupita mikononi mwa wengi. Mwenye bidhaa huajiri kampuni ya matangazo, nayo humpa kazi mtayarishaji wa video au mpiga picha, ambaye humwagiza msaka waigizaji amletee sura za aina fulani, na huyo ndiye huwapigia simu mawakala wa wanamitindo. Sehemu kubwa ya mnyororo huu iko Nairobi, takriban kilomita 350 kutoka hapa, kwa hiyo picha zako ndizo zinazosafiri kwanza.

Picha hizo si lazima zikugharimu. Simama karibu na dirisha mchana, ukuta mtupu nyuma yako, fulana isiyo na maandishi, bila vipodozi na bila kichujio cha simu, kisha rafiki akupige uso kwa mbele, uso kwa upande, mwili mzima, na tabasamu linaloonyesha meno. Zile za studio zenye maporomoko ya maji yaliyobandikwa kwa kompyuta mwachie shangazi azitundike sebuleni. Ongeza urefu wako, saizi ya nguo na viatu, umri unaoweza kuuigiza, pamoja na lugha unazozungumza. Usidharau Kidholuo, Kiluhya au Ekegusii chako, kwa maana bidhaa inayolenga soko la magharibi huhitaji mtu anayeitamka lugha kama mwenyeji. Kama unaendesha pikipiki, unaogelea au unapiga makasia, andika.

Kuhusu wakala, kanuni ni moja: yeye hula kwako baada ya wewe kula. Kamisheni yake, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 20, hukatwa kwenye malipo ya kazi iliyofanyika. Anayekudai ada ya usajili, ya mafunzo ya lazima au ya albamu ya picha kwa mpiga picha wake pekee anafanya biashara na ndoto yako, wala hana haja ya kukutafutia kazi. Kabla ya kutia sahihi, tafuta jina la kampuni yake kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambako kwa ada ndogo unaweza kuomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi ni akina nani. Waulize pia wanamitindo anaowasimamia kama hulipwa, na lini. Usaili unaofanyika katika chumba cha hoteli usiku, au ujumbe unaoomba picha za nusu uchi kwa ajili ya tangazo la maziwa, hauhitaji uchunguzi wowote zaidi.

Usipande basi la usiku kwa ajili ya jaribio la dakika tano. Omba kwanza utume video: simu ikiwa imelazwa kwa ubavu, jina lako, uso pande zote mbili, kisha maneno uliyopewa. Ukiambiwa ushikilie tarehe, yaani uiache wazi, jua kwamba bado hujapata kazi. Wenzako kadhaa wameambiwa hivyo hivyo.

Mkataba ukifika, wengi husoma kiasi cha pesa tu, na hapo ndipo hasara inapoingia. Malipo ya siku ya kazi ni kitu kimoja, na malipo ya matumizi ya sura yako ni kitu kingine. Uliza picha zitatumika wapi, iwe ni mitandao ya kijamii, televisheni au mabango ya barabarani. Katika nchi zipi. Na kwa muda gani. Ukikubali kwamba sura yako itumike popote na milele kwa malipo ya siku moja, usishangae kujiona kwenye bango la Kondele miaka mingi baadaye bila senti ya ziada. Angalia vilevile sharti la kutofanya kazi na washindani: tangazo la benki moja laweza kukufungia benki zote kwa mwaka mzima, na kufungiwa huko kuna bei yake. Hata pasipo mkataba, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayokutambulisha kuwa data yako binafsi, kwa hiyo duka lililokupiga picha kwa urafiki haliwezi kujifanyia tangazo bila idhini yako. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi.

Malipo nayo huchelewa, kwa kuwa kila mmoja katika ule mnyororo humsubiri aliye juu yake, na miezi miwili au mitatu si ajabu. Tarehe ya mwisho ya kulipwa iandikwe mkatabani, na PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi, iwe tayari, kwani kwa kawaida anayekulipa hukukata kwanza kodi ya zuio ya asilimia 5. Hakikisha makato hayo yameingizwa kwa jina lako kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kabla ya kuwasilisha ritani ya mwaka.