Ndoo ya Koki

Leo sijalala mchana, nimekaa barazani kwetu Wete na daftari langu la fildi, nahisi nikichelewa kuandika haya yatanipotea. Jumapili inshallah napanda boti kwenda Unguja, kisha Dar, kisha basi la Moshi, skuli inafungua. Mwaka wa tatu sasa. Nasoma tiba kwa vitendo pale KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, fani ile ambayo watu wa hospitali wanaiita OT (occupational therapy), na hapa mtaani kila nikiitaja naulizwa ndo unesi? ndo kuchua? Mama mdogo mmoja alidhani natafutia watu kazi. Nimeshazoea, siku hizi najibu hivi: mtu akipata kiharusi daktari anahangaika na roho yake, wa fiziotherapia anamsimamisha na kumtembeza, mie namuuliza sasa unaoga vipi, unavaa vipi, chooni unachuchumaa vipi, unasali vipi. Hapo ndo kazi yangu inapoanzia.

Likizo hii nimefanya fildi hospitali moja hapa Pemba, na baadhi ya siku tukienda majumbani kwa wagonjwa. Shirikisho la dunia la fani yetu linataka mwanafunzi apate masaa yasopungua 1,000 ya vitendo kabla hajahitimu, yangu nayajumlisha kwa penseli nyuma ya daftari kila jioni. Wapo wengi ningependa kuwaandika. Yupo kijana alieanguka mkarafuu msimu ulopita akavunjika uti wa mgongo, lakini yake bado ni nzito kwangu, itakuja siku nyengine.

Leo nataka kumuandika bibi mmoja, mgonjwa wangu. Kaniruhusu mwenyewe, kasema, "Andika mwanangu, ila jina langu liache." Kiharusi kilimpata miezi minne kabla sijamkuta, kikamlegeza upande wa kulia. Maneno anayo alhamdulillah, maana ubongo wa kushoto ukiumia mwili wa kulia unalegea na mara nyingi usemi nao unaondoka, yeye kabakishiwa. Mguu umerudi rudi, anafika ukumbini na mkongojo wake. Mkono ndo ulobaki nyuma, bega na kiwiko vinanyanyuka kidogo, vidole vinakunja lakini kuvifungua ni shida.

Siku ya kwanza nilikwenda na vifaa vya skuli, vigingi vya mbao vya kupachika kwenye ubao, mpira laini wa kuminya, vikombe vya plastiki vya kupanga. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, karibu, nikatandaza vitu vyangu juu ya mkeka. Akauminya mpira mara tatu akauweka chini. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu kanambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mie na mpira wapi na wapi, si umpe huyu mjukuu wangu akachezee."

Niliumia, na sio kwa ajili yake. Usiku nilifungua fomu niliyomjazia, nguvu za misuli nimeandika, hisia za ngozi nimeandika, ukakamavu wa vidole nimeandika, halafu ile sehemu ya mgonjwa mwenyewe anataka nini nimejaza "kurudisha kazi ya mkono". Bibi hajasema hivyo! Hayo maneno yangu mimi, nilimuwekea mdomoni bila kumuuliza, na wakati swali hilo ndo la kwanza kabisa tulilofundishwa.

Kesho yake nimekwenda mikono mitupu. Nikakaa nae chini, tukazungumza habari za mvua na bei ya samaki, kisha nikamuuliza, bibi, katika haya yote lipi linakukera zaidi? Alinyamaza, akatupa jicho mlangoni kuangalia kama binti yake yupo karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Kutawadhishwa."

Basi ikawa hivyo. Mara tano kwa siku binti yake anakuja na kopo, anamnawisha mikono, uso, miguu. Binti mzuri, sijamuona hata siku moja kununa. Lakini bibi anasema tangu alipofundishwa sala ana miaka saba hajawahi kushikiwa maji na mtu, na alfajiri anaona haya kumuamsha mtoto aliechoka, anabaki kitandani anasikiliza adhana mpaka asikie binti mwenyewe kaamka. Nilikua na kalamu mkononi lakini hapo sikuandika kitu.

Kwa binti ndo palikua pagumu. Nilipomwambia dada, tunataka bibi aanze kutawadha mwenyewe, alinitizama kama nimemvunjia adabu. Akasema, "Mie nipo mzima, mama yangu ahangaike na maji peke yake, watu watasema nini?" Na mie namuelewa kabisa. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa Uingereza na Marekani, humo mgonjwa anaishi peke yake, lazima ajipikie chai na ajipakie mkate siagi, na kujitegemea ndo kila kitu. Hapa kwetu mama mwenye watoto watano halafu anajitegemea ni aibu ya watoto. Sisemi kwamba sisi ndo tumekosea, tunavyowatunza wazee wetu mie najivunia mpaka leo. Ila mkono usofanya kitu unazidi kujikunja na bega linaanza kuuma, na zaidi ya hayo hapana aliemuuliza bibi. Nikamwambia dada kumtunza bado ni kazi yako, jaza maji, weka stuli, kaa nje ya mlango umsikilize, kisha nikamuomba aende akamuulize mama yake mwenyewe. Sijui walizungumza nini. Ila dada alitoka macho mekundu, akaniuliza tunaanza lini.

Tunafundishwa kuichambua shughuli, unaikata vipande vipande uone kila kipande kinataka nini, jicho, mizani ya mwili, nguvu ya kushika, kukumbuka kinachofuata. Siku mbili nilijaribu nyumbani kutawadha huku mkono wa kulia nimeuachia umelegea (udhu wa sala nilichukua mwengine mzima baadae). Nilichogundua ni kwamba kopo la mkono wa kushoto linaumwagia wa kulia bila tabu, lakini mkono wa kushoto wenyewe nani aumwagie? Hapo ndo shughuli yote inakwama, kwenye huo mkono mzima.

Nikakumbuka zile ndoo za koki zilizokaa kila mlango wa duka wakati wa korona. Tumeipata moja, tukaiweka juu ya stuli, bibi anakaa kwenye kiti mbele yake maana kusimama kwenye sakafu ya maji na mguu ule ni kutafuta kuanguka. Koki ya kwanza ilikua ya kuzungusha na vidole, haikumfaa, tukatia ya kunyanyua ambayo hata mgongo wa mkono unaifungua. Fundi wa mtaani kagongomea ubao imara ukutani wa kushikia wakati wa kunyanyuka. Nguo pia, tumefanya mazoezi ya kutia mkono mgonjwa kwanza na kuutoa wa mwisho, hilo kalishika siku moja tu.

Sasa hesabu yenyewe. Maji yanateremka, kiganja cha kulia kinausugua mkono wa kushoto mpaka kiwikoni, mara tatu, na sala ni tano. Hizo ni mara kumi na tano kwa siku bila uso na bila miguu, na hakuna aliemlazimisha, wakati mpira wangu ulikua haupiti minyo mitatu. Ubongo ulioumia unajifunza upya kwa kurudia rudia, hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza na mtihani wake nilifaulu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kurudia kwenyewe kumeshapangwa ndani ya siku ya mtu na kuna mpaka muadhini wa kumkumbusha. Kwenye somo la historia tulisoma habari za Eleanor Clarke Slagle, mmoja wa walioanzisha chama cha kwanza cha fani yetu huko Marekani mwaka 1917, yeye aliwapangia wagonjwa wa akili siku nzima, saa ya kuamka, ya kazi, ya kupumzika, akiamini ratiba yenyewe ni dawa. Nilipoisoma niliona ni habari ya zamani ya watu wa mbali. Siku hiyo mbele ya ile ndoo niliielewa.

Wiki ya kwanza kiganja kiliishia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Wiki ya tano kinafika kiwikoni, polepole, na mara nyengine kinateleza anaanza tena. Vidole bado. Sitaki kuandika kama mkono umepona, haujapona. Kijiko nacho tumekizungushia mpira wa ndani wa baiskeli kikawa kinene, anakula kwa mkono wa kulia japo wali unamwagika, wa kushoto aliukataa tangu mwanzo.

Linalonisumbua ni Jumapili. Dada aliniuliza nikiondoka nani atakuja, na jibu sikuwa nalo, wa fani hii huku kwetu bado ni wachache na wanaohitaji wapo kila kijiji. Nimewaandikia hatua zote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nimeitia ndani ya nailoni isirowe, imebandikwa mlango wa chooni, na nambari yangu wanayo.

Saa hii naandika, dada kanitumia voisi. Koki inavuja, abadilishe washa, kile kimpira cha ndani, au anunue koki nyengine? Nyuma yake namsikia bibi anasema muulize haraka laasiri inakaribia. Nimemjibu washa tu.