Nilivyoweka fuvu kwenye krispi za watoto, na nilivyolitoa

Mi natengeneza krispi za gonja, zile ndizi ndefu za kukaanga, hapa Makindye, Kampala, huu mwaka wa nne sasa. Nilianza na kikaango kimoja na kavera za kawaida, mifuko ya plastiki ile unafunga kwa mshumaa, juu nabandika stika nyeupe ina jina na namba ya simu, basi. Zilikuwa zinauzika lakini kwenye kantini za shule zilikuwa zinakaa chini kabisa, juu ziko zile za rangi rangi za viwandani, na mtoto mwenye mia tano yake mkononi macho yanaenda kwa picha, hana habari gonja yako ni tamu kiasi gani. Nikasema na mimi nitafute picha.

Wazo la mazimwi lilitoka kwa binamu yangu anayekaa Minnesota. Alikuja Krismasi akawaletea watoto boksi la Boo Berry, ile nafaka ya kula na maziwa asubuhi, boksini kuna mzuka wa bluu kavaa kofia. Wallahi watoto waligombania boksi, chakula chenyewe wawili walikiacha kwenye bakuli lakini boksi lilikaa dirishani mpaka Machi. Binamu akanieleza kwamba General Mills, kampuni inayoitengeneza, walianza hayo mambo 1971 na mazimwi wawili, Count Chocula mnyonya damu wa chokoleti na Franken Berry wa pinki, huyu wa bluu akafuata 1973, na kwamba tangu 2010 wanavitoa msimu wa Halloween tu, ule wakati watu wote wamevaa vinyago na kila mtoto anajua ni mchezo. Mi nilichosikia hapo ni miaka hamsini wanauza. Hapo pa msimu sikupasikia kabisa.

Kuna kimoja alichoniokoa nacho lakini. Nilitaka kunyunyiza poda ya bitiruti kwenye krispi ziwe kama zina damu, akacheka sana, akasema mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu kijana wa miaka 12 aliyelazwa hospitali siku nne wakidhani anatoka damu tumboni, kumbe amekula Franken Berry na rangi imetoka kama ilivyoingia. Bitiruti nayo ndo tabia yake hiyo hiyo, nikajiona nimezungukwa na akina mama wa shule nzima kila mmoja na nepi mkononi, nikaacha.

Basi nikaenda Nasser Road, manake stika, kalenda, kadi za harusi, kila kitu cha kuchapa Kampala kinaishia pale. Kijana wa dizaini akaniuliza madamu unataka zimwi la namna gani, nikamwambia la kutisha kidogo lakini la kuchekesha, akanichorea kitu cheupe kimesimama usiku, nywele zimesimama, kiunoni majani ya mgomba. Nikaipenda, si gonja inatoka kwenye mgomba. Nikachapa karatasi moja nikarudi nayo nyumbani, jirani yangu mlokole akaishika, akaangalia, akaniangalia mimi, akasema dada, huyu si musezi? Kwa wasiokuwa wa huku, wasezi ni wale watu wanaosemwa wanacheza usiku uchi na kula maiti, na kuna vijiji mtu akishaitwa hivyo hakai tena. Sasa mimi nimemweka kwenye chakula cha watoto! Hata sikujibu, nilikunja karatasi nikaenda kuwashia sigiri.

Nikarudi kwa kijana, akasema madamu achana na mambo ya vijijini weka fuvu, fuvu ni la kisasa, vijana wanalivaa kwenye tisheti. Na kweli alilitengeneza vizuri mno, fuvu limevaa miwani ya jua, meno yake ni vipande vya gonja, na chini gonja mbili ndefu zimepishana pale ambapo kwa kawaida ingekuwa mifupa. Mi mwenyewe nilicheka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza hiyo picha tumeizoea kuiona wapi. Ukichapa nyingi bei inashuka kwa hiyo nikachapa stika 3,000, nikanunua mifuko ya kaki kwenye maduka ya jumla Kikuubo, muhula wa tatu ulipofungua nikaanza kupeleka. Ziliuzika jamani. Kantini mbili zilikuwa zinanipigia simu kabla sijawapigia, watoto hawasemi tena gonja wanasema nipe ya kichwa.

Sasa kuna Hajati mmoja ana duka Kibuye, kaduka kadogo ka dirisha la nondo, bidhaa ndogo ndogo zote anazining'iniza kwenye kamba. Alhamisi moja jioni akanipigia. Hakugomba, alisema tu mwanangu, njoo uone kitu, na ukija usitume mtu.

Nikafika nikamsalimia, akanitoa nje mbele ya duka akaniambia chuchumaa. Nikadhani sijasikia vizuri. Chuchumaa, anasema, uwe kama mtoto. Nikachuchumaa na gauni langu, watu wa boda wananitazama, na kutoka pale chini husomi jina la kitu chochote, maandishi yote yanapotea, unaona ukingo wa dirisha na vitu vinavyoning'inia juu yake. Viwembe, majani ya chai, krispi zangu. Na kando ya krispi zangu, kamba hiyo hiyo, vipakti vya dawa ya panya. Vimekaribiana ukubwa, vyote kahawia kahawia, na kila kimoja kina fuvu katikati. Langu lina miwani, basi, tofauti ndo hiyo.

Hajati akaniambia mchana wake kaja kasichana ka jirani, miaka minne hivi, katumwa chumvi na chenji inayobaki ni yake. Kakaonyesha kidole kwa dawa ya panya kakasema nataka ile. Hajati akadhani mama ndo kamtuma, akauliza, mama anataka dawa ya panya? Mtoto akamwambia siyo dawa, ni krispi, kaka hununua shuleni.

Nilibaki nimechuchumaa vilevile. Unajua Kampala dawa ya panya inauzwa mpaka barabarani, jamaa anapita na spika yake inaimba emmese, emmese, yaani panya, panya, kutwa nzima, na hakuna nyumba ya kupanga isiyo na kipakti kimesahaulika juu ya kabati. Mtoto wa miaka minne hasomi, kitu pekee kinachomlinda ni picha, na hiyo picha ndo sisi akina mama tunawafundisha, ukiona kichwa cha mifupa usiguse, hiyo ni kufa. Mi mwenyewe niliwafundisha wa kwangu. Alafu nikaenda nikalipa hela kufuta somo la akina mama wenzangu, kwa mia tano mia tano.

Usiku ule sikulala nikawa nasoma kwenye simu, nikakuta wenzetu walishapita hapo zamani. Mwaka huo huo 1971 Wamarekani wanaanza kuuza Count Chocula, hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilikuwa inatafuta alama mpya ya sumu, manake watoto fuvu walikuwa hawaliogopi tena, kwao lilimaanisha maharamia na michezo, na timu ya besiboli ya mji wao yenyewe inaitwa Pirates, maharamia. Wakaleta kisura cha kijani kimekunja uso kimetoa ulimi, wakakiita Mr. Yuk. Sisi huku hatuna Mr. Yuk, tuna fuvu peke yake, na mimi ndo nalichezea.

Kesho yake nikapanda boda nikaanza kuzikusanya. Nilibadilishana paketi kwa paketi, ya fuvu unanipa, nakupa ya stika nyeupe ya zamani, hela hatugusi. Maduka hayakunisumbua, kantini moja ndo iligoma kwa sababu watoto watauliza ya kichwa, nikakaa na yule mama nikamweleza habari ya kale kasichana, akanyamaza, akaenda nyuma akaniletea paketi arobaini na kitu bila neno. Stika zilikuwa zimebaki kama 1,800. Hapo nilifanya ubahili mmoja niseme ukweli, nilijaribu kuchapa kastika ka duara nikabandike juu ya fuvu nisipate hasara, nikampa mwanangu wa pili paketi moja nione. Hata hakuifungua. Alianza kubandua kale ka duara taratibu kwa kucha, anafurahi kabisa, mpaka fuvu likatokea. Nikaelewa kwamba nimelifanya zawadi ya kutafuta. Nikazichoma zote, kama laki nne na nusu hivi zikaenda na moshi, na moshi wa stika unanuka vibaya.

Picha mpya sikumwachia kijana wa Nasser Road peke yake. Nilimwambia anichoree nne bila neno lolote, popo, mzuka wa kofia, nyumba ya usiku, na zimwi la jicho moja lenye tumbo kubwa, nikaziweka kwenye mkeka pamoja na pakti ya chumvi, kiberiti, na picha niliyoipiga ya kile kipakti cha dawa ya panya, picha siyo kipakti chenyewe. Nikaita watoto wa mtaani kwetu, miaka mitatu mpaka saba, mama zao wanajua. Mmoja mmoja, hilo nililijifunza haraka kwa sababu wawili wa kwanza waliingia pamoja, mkubwa akasema na mdogo akarudia tu. Swali moja, vipi hapa ni vya kula? Sikuuliza ipi nzuri, nzuri watasema zote.

Watoto kumi na moja. Popo alifeli, wengi wamekatazwa kumshika popo na wazazi kwa mambo ya Ebola na Marburg, mmoja alirudisha mkono nyuma kabisa. Mzuka wadogo wa chini ya miaka mitano walimkataa. Nyumba hakuna aliyeijali. Zimwi la tumbo walicheka, mdomoni lina gonja imekwama na jicho lake linaiangalia hiyo gonja, wakasema hili linakula. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, lakini wawili, kabla ya zimwi, waliweka kidole kwenye dawa ya panya. Hii ni ya kula, ya kichwa. Wote wawili walishakula zangu.

Nilikwenda kwa mama zao jioni hiyo hiyo. Mmoja alinisema mpaka nikakosa pa kuangalia, na nilistahili, mwingine akanishukuru, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Shuleni pia niliomba kwa yule mama wa kantini walimu wa madarasa ya chini wawaambie watoto tena kuhusu fuvu, na walifanya.

Zimwi la tumbo ndo liko kwenye paketi sasa. Fuvu, mfupa, damu, chupa, sindano, hivyo siweki tena hata kwa utani, na mfuko wa kahawia niliuacha, sasa ni wa njano. Nyuma nako nilipanga upya, viungo, uzito, anuani, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, manake naitafuta alama ya Q, ile ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na fuvu lilikuwa limekula nafasi mpaka tarehe nilikuwa naandika kwa kalamu. Mauzo ya kantini yalishuka karibu nusu, muhula mzima. Kantini zimerudi, siyo zote, ila madukani akina mama wananunua wenyewe sasa, kitu ambacho kwa fuvu hakikuwepo.

Hajati dawa ya panya aliitoa kwenye kamba akaifungia ndani ya kabati lenye kufuli, anayetaka anaomba, na akiwa mtoto harudi nayo. Na mi kila duka jipya kabla sijaacha mzigo nachuchumaa kwanza pale mbele. Wiki jana Nsambya mwenye duka alitoka na tochi, akaniuliza dada, umeangusha shilingi ngapi.