Yoga ya Kutazamwa na Yoga ya Kupumua

Kila ukitafuta picha za yoga utaletewa mwanamke yule yule: kijana, mwembamba, tumbo bapa, ngozi haina hata mchirizi mmoja. Inaniuma, maana picha hizo hutufikia kabla ya mkeka wenyewe. Mtu anakuja mazoezini akiwa ameshajihukumu.

Tangu Oktoba 2017, Ufaransa inataka tangazo lolote ambalo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta liandikwe wazi kuwa picha imehaririwa. Naiheshimu sheria hiyo. Ila siku hizi simu zetu wenyewe zinalainisha ngozi na kubana kiuno papo hapo, na hakuna anayeandika kitu chini yake.

Leo nimeyaona madhara yake kwa karibu. Tulikuwa tumekaa, miguu imenyooshwa, tunainama mbele. Dada wa mkeka wa pembeni yangu tumbo likamzuia. Mwalimu akamwekea blanketi lililokunjwa chini ya makalio, akamwambia atanue miguu kidogo ili tumbo lipate pa kukaa. Likapata. Akashuka taratibu, mgongo umenyooka, pumzi imetulia, vizuri kabisa. Alipoinuka akajiona kwenye kioo cha ukutani, akavuta fulana mbali na tumbo, machozi yakamtoka. Mwili wake ulikuwa umetoka kufanya kazi nzuri, na yeye hakuiona hata kidogo.

Watu wanadhani anayekunjika zaidi ndiye aliyejituma zaidi. Si kweli. Kichwa cha mfupa wa paja huingia kwenye tundu la nyonga, na kina cha tundu hilo na upande linakoelekea havifanani kwa watu wote. Kuna atakayekaa mkao wa yungiyungi, kila wayo juu ya paja la mguu wa pili, bila shida, na kuna ambaye mfupa utagota kwenye mfupa hata misuli ikiwa laini namna gani. Huyo akilazimisha, goti ndilo litakaloumia. Kujinyima chakula hakubadilishi umbo la nyonga.

Halafu tukirudi kwenye asili yake, Patanjali, mwandishi wa kale wa India, katika kitabu chake Yoga Sutra, chenye mafungu mafupi karibu 200, aliipa mikao ya mwili mafungu matatu tu. La kwanza linataka mkao uwe thabiti na wenye raha. Basi. B.K.S. Iyengar naye, mwalimu wa yoga wa India aliyekuwa mtoto wa kuugua ugua, alieneza matumizi ya mikanda, blanketi na matofali ya mbao ili hata mwili mgumu au mgonjwa ufikie mkao. Blanketi la yule dada lilikuwa yoga halisi, tena kuliko picha nyingi zinazosifiwa.

Baada ya darasa nilimfuata mwalimu, nikamwomba mikeka igeuzwe tusitazamane na kioo. Akasema wengine wanakihitaji kurekebisha mikao. Nikamjibu kwamba macho yake na mikono yake vinatutosha. Bado hajanipa jibu, na nitamuuliza tena.