Banjo Kando ya Mito ya Babeli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Zaburi 137.

Mateka wa Yuda wameketi ugenini, vinubi wamevitundika mitini. Waliowateka wanataka waimbiwe wimbo wa Sayuni, wajifurahishe. Jibu la mateka tunalijua: "Tuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?"

Siku hizi nawasikiliza sana Nefesh Mountain, mke na mume, Wayahudi wa Marekani: Doni Zasloff na Eric Lindberg. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2016. Wanapiga bluegrass, ndugu wa damu wa muziki wa country: banjo, fidla, mandolini, gitaa. Aliyekua akimsikia Jim Reeves redioni Jumapili asubuhi hatapotea njia. Ila katikati ya wimbo Doni anaingia na Kiebrania, na banjo inaendelea kukimbia kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Hiyo banjo ndiyo iliyonikalisha chini. Wengi huidhani ala ya wazungu wa milimani, kumbe asili yake ni Afrika Magharibi. Waafrika waliopelekwa utumwani walifika mikono mitupu, wakatwaa vibuyu, wakaviwamba ngozi, wakafunga nyuzi, wakapiga. Nao pia walilazimishwa kuwachezesha mabwana zao, kama wale wa Babeli. Leo Myahudi anamsifu Mungu wa Israeli kwa ala ya mateka wengine kabisa. (Na sisi bado tuna vikao vya kubishana kama ngoma iingie kanisani!)

Tarehe 27 Oktoba 2018, siku ya Sabato, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi ya Tree of Life, mjini Pittsburgh, akaua waabudu 11. Sasa, zaburi yetu ina mwisho ambao wahubiri tunapenda kuuruka, mstari wa 8 na wa 9, kisasi kitupu. Mimi nisingemlaumu Myahudi ambaye wiki ile angeusoma kwa sauti. Eric na Doni walitunga wimbo wa mti wa uzima, ambalo ndilo jina la sinagogi ile. Ni maneno ya Mithali 3:18, ambayo Wayahudi huyaimba wanaporudisha gombo la Torati mahali pake baada ya kusoma.

Juma hili isome Zaburi 137 yote, na mwisho wake usiuruke. Kisha nenda Yeremia 29:4-7, barua waliyoandikiwa mateka walewale wa Babeli: wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji uliowashika. Ninyi mlio Muscat, Doha au Minnesota, someni polepole.

Ee Bwana, wakumbuke walio mbali na kwao. Wafariji waliofiwa na wapendwa wao waliouawa ndani ya nyumba za ibada, Pittsburgh na kwingineko. Amina.