Twiga kumi, simba mmoja

Aprili 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na mwanangu wa gredi ya kwanza alikuwa kwenye meza ya jikoni, Mombasa, akiandika ishirini na tatu hivi: 203. Nikafuta. Akaandika tena 203.

"Si umesema ishirini," akaniwekea kidole kwenye 20, "na tatu?"

Nikakosa la kumjibu. Aliandika alichosikia.

Nikakumbuka sarafu za wanyama zilizotoka 2018: shilingi moja ina twiga, shilingi kumi ina simba. Tatizo ni kuzipata hizo shilingi moja moja. Watu walishahamia M-Pesa, na dukani chenji ya shilingi ni pipi. Nilipekua mkoba, droo na kopo la vifungo nikapata kumi na nne, nyingine za zamani zenye kichwa cha Mzee Kenyatta. Nazo tukaziita twiga.

Nikapiga mstari katikati ya karatasi: kulia mamoja, kushoto makumi. Twiga wakifika kumi wanatoka wote, na simba mmoja anaingia kushoto.

Akagoma. "Nikupe kumi unipe moja?" Akazikumbatia sarafu zake. Nikaeleza, nikaeleza tena, nikapandisha sauti, jambo ambalo sijivunii. Mwisho nikamshika mkono, tukavaa barakoa, tukaenda duka la pale kona kununua pipi za shilingi moja moja.

Akapitisha simba wake kwenye wavu, akachukua pipi moja, akageuka kuondoka.

"We baba, rudi uchukue zako!"

Mwenye duka akamhesabia tisa nyingine, polepole, akizipanga mstari. Mwanangu akaziangalia, kisha akauangalia mkono wake uliotoa simba.

Tuliporudi hakusubiri kuambiwa. Akahesabu twiga kumi, akanisukumia, akadai simba. Wakabaki twiga wanne. Akaandika 14. Nikaongeza simba wa pili, nikamtoa twiga mmoja, naye akaandika 23 bila kuniangalia. Nikawaondoa twiga wote. Akaandika 2, akasita, akaongeza sifuri.

"Hapa hamna mtu," akasema.

Kisha akachungulia kopo la vifungo, akaibuka na sarafu ya shilingi tano, yule kifaru niliyemwacha humo makusudi.

"Na huyu je, mama, anakaa upande gani?"