Siku moja maishani mwangu: jogoo wa sini ya tano

Saa 11 alfajiri. Adhana ya hapa Makorora, Tanga, ndiyo kengele yangu. Naswali, nafungua kompyuta watoto wakiwa bado wamelala. Naandika kipindi cha vichekesho cha runinga, na sini ya tano, yaani onyesho la tano, inanikosesha raha tangu Jumatatu. Baba mkwe katoka Muheza kuja kumwona mjukuu mchanga. Safari iliyopita alileta jogoo. Anauliza, "Yule mgeni wenu hajambo?" Mkwewe anajibu, "Baba, yule jogoo kelele usiku kucha, majirani wakalalamika, Jumapili tukamchinja."

Saa 1 na nusu. Ngamiani, baraza la kahawa. Marekani waandishi wa vichekesho vya runinga hukaa chumba kimoja wakirushiana mistari. Mimi nina wazee wanne, kahawa chungu na kashata. Nawaamkia, nawasomea. Kimya. Mzee mmoja anazungusha kikombe, kisha ananiambia, "Mwanangu, jogoo umemtaja wa nini?"

Kweli kabisa. Kiswahili chetu humtaja kuku na mtoto kwa "m" ile ile: tukamchinja. Nani? Mtazamaji anajua, jogoo alimwona sini ya kwanza; babu hajui, yeye alikuwa anamuulizia mjukuu. Nafuta "yule jogoo", naandika "alikuwa", nasoma upya. Mzee wa pembeni kahawa ikampalia.

Wazee hawa hawacheki kwa kunionea huruma. Huu ni mji wa King Majuto, Amri Athumani, aliyefariki mwaka 2018, na kila anayechekesha Tanga hupimwa kwake. Mimi niliyekua nikimtazama nilijifunza kwake kwamba uso hutangulia maneno.

Saa 4. Simu ya prodyuza kutoka Dar. Anataka dada wa kazi awe na kigugumizi, "watu watacheka." Nimekataa, na nitakataa tena wiki ijayo. Yuko mtoto mwenye kigugumizi atakayeigizwa shuleni kesho yake kwa sababu ya kalamu yangu. Badala yake nimempa dada yule mstari mzuri kuliko wote: babu kaduwaa, mkono kifuani, yeye anachungulia kutoka jikoni, "Limebaki paja moja, babu, nikupashie?"

Saa 8 mchana. Mazoezi uani, Chumbageni. Kijana anayeigiza mkwe ana haraka, anaidondosha "tukamchinja" na kuendelea. Namwomba anyamaze, ahesabu moja mpaka tatu moyoni, amtazame mzee. Mara ya nne anaipata. Fundi baiskeli ng'ambo ya ukuta anacheka, naye hata hatuoni.

Saa 3 usiku. Kipindi ni nusu saa. Ukitoa matangazo tunabaki na dakika 22, na mimi nina 26. Nimeikata sini nzima ya sokoni. Nilikuwa naipenda sana, lakini hadithi inatembea bila yake.

Saa 5 nimetuma. Kesho asubuhi tunarekodi, na mke wangu kashaongea na jirani atuazime jogoo anayewika.