UPC2: nakala ya pili imekubali

Imekubali! G648D (badiliko linaloweka aspatati badala ya glisini ya 648) imekaa kwenye nakala zote mbili za UPC2, jeni inayoamuru utengenezaji wa ergosteroli (mafuta ya utando wa fangasi), ndani ya SC5314, aina ya maabara ya fangasi Candida albicans. Nimeusoma mfuatano, nikausoma tena, maana jeni hii imenichosha.

Nakala ya kwanza haikunisumbua: kaseti ya SAT1 (kipande cha DNA kinachobeba badiliko na jeni ya kuhimili dawa) iliingia, dawa ya nosiyothrisini ikachuja, na kimeng'enya FLP kikaitoa. Balaa lilikuwa la pili. Kila nikiirudisha kaseti, ilikwenda kukaa palepale pa mwanzo. Unapata koloni nono, nyeupe, zinamea juu ya dawa bila wasiwasi. Ukizipeleka kusomwa, mahali pamoja pana vilele viwili: cheusi cha G na cha kijani cha A, kimoja mgongoni mwa kingine. Tena na tena! Sababu yenyewe haina fumbo: nakala iliyokwisha kubadilishwa imebaki na kovu la FRT (alama FLP inapokata), kwa hiyo inafanana na kaseti kuliko mwenzake.

Kwa jeni moja kaseti hiyo bado naipenda. Kwa nakala mbili, hapana, inakula muda bure.

Kilichoniokoa ni GG ya kodoni ya glisini. Cas9, mkasi wa DNA wa CRISPR, inaitafuta GG hiyohiyo ili ikate. Ikigeuka GA, haina pa kushika. Kwa hiyo mkasi ulikata nakala ya asili peke yake, na seli ikaiziba kwa kunakili ile iliyobadilishwa. Sikuhitaji hata kiolezo cha kutoka nje. (Cas9 iwe imeandikwa upya kwa ajili ya Kandida, jamani. Huku CUG inasomwa serini, si leusini.)

Kilele kimoja cha A peke yake hakikunitosha, kwani kipande kizima cha kromosomu kingeweza kuwa kimepotea. Nikasoma tofauti za asili juu na chini ya jeni: bado ni vilele viwiliviwili. Hapo ndipo nilipopumua.

Kisha dawa ya fangasi, flukonazoli, kwenye mchuzi wa RPMI, saa 24: mzazi anasimama kwenye 0.5 µg/ml, huyu anaukungusha mchuzi hadi 2 na kunywea kwenye 4. Bado hajafika 8 ya kuitwa sugu, ila ndivyo inavyotarajiwa kwa UPC2 bila mabadiliko ya TAC1 wala MRR1 (jeni zinazowasha pampu za kutoa dawa): ERG11, jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na dawa, inabaki imewashwa hata ergosteroli ikiwa tele, na dawa inakuta vimeng'enya vingi kuliko inavyoweza kuviziba. Saa 48 sizisomi kabisa. Ule mkia wa ukuaji hafifu unaharibu kila kitu.

Ilikuwa nipime RNA ya ERG11 wiki hii. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kupimia) zipo kwenye friza, zitulie humo. Kwenye hamira ya mikate, Upc2 hukaa nje ya kiini ergosteroli ikiwepo, na huingia ikipungua. Nataka kwanza kuivisha GFP (protini inayong'aa kijani) kwenye aina hii nione inalala wapi. GFP yenye kodoni za Kandida nimeshaiomba kwa jirani wa maabara ya pili, na darubini iko huru Alhamisi.